Nilifuta Jina la Kabula Kwenye Mchoro

Msomaji, nisikilize taratibu, usinihukumu kabla sijamaliza. Nina miaka hamsini na mbili, ni msanifu majengo hapa Mwanza. Ninaona aibu kuandika haya...

Nilipoanza kazi, mafundi waliona mwanamke, wakaniuliza bosi wangu yuko wapi. Niliumia! Ndiyo maana kwa miaka mingi nimezunguka mashuleni kuwahimiza wasichana wasomee usanifu.

Binti mmoja, Kabula, alinisikia shuleni kwao Kisesa. Alisoma, akamaliza chuo, akaja kujifunza kazi ofisini kwangu. Ili asajiliwe kuwa msanifu, alihitaji kuonyesha kazi yenye jina lake.

Ikaja kazi ya hosteli Igogo, kwenye mlima wa mawe. Wengine walishauri mawe yalipuliwe. Kabula aliyapanda wiki nzima akipima, akachora jengo linalopita katikati ya mawe bila kuyagusa. Mimi nisingeweza!

Niwaeleze kidogo: pembeni mwa kila mchoro kuna kisanduku, humo huandikwa jina la aliyechora. Mteja alilisoma, akacheka.

"Mama, binti ndiye anijengee juu ya mawe? Mwambie akacheze rede na watoto wenzake kwanza."

Nilimjibu nini? Nilicheka naye...

Nikarudi ofisini, nikafuta jina la Kabula na kuandika la Deus, kijana wa kiume aliyekuwa akijifunza kazi naye, ambaye hakuwahi hata kufika Igogo. Nilijiambia ni kwa ajili ya kuokoa kazi tu. Nikagonga muhuri.

Hosteli ilipoisha, watu walimpongeza Deus mpaka akawa ananikwepa kwa haya. Maombi ya Kabula ya usajili yakarudishwa: hakuwa na kazi ya kuonyesha. Ndipo alipofungua mchoro wenye muhuri, akaona jina la Deus. Akauleta mezani kwangu.

"Mama, ungeniambia. Ningekwenda kumweleza mteja mwenyewe."

Kesho yake hakuja. Sasa anauza vigae dukani Pasiansi. Nilipomfuata alinipa shikamoo kwa heshima ileile. Niliitikia marahaba nikitazama vigae...

Nimeandika barua kwa wanaosajili wasanifu, nimekiri kila kitu, na nakala nimempelekea. Amesema ataisoma. Kama atarudi, sijui. Sina haki ya kumharakisha.

Ndugu zangu mnaosimamia vijana, msipite nilikopita mimi! Ni rahisi kuwatetea mabinti jukwaani. Mtihani ni pale mteja anapocheka.

Kabla hujagonga muhuri, mwite aliyechora, mpe kalamu, aandike jina lake mwenyewe mbele yako.