Usimlishe Kishindo

Sabra analima karoti huko Gare, kwenye mteremko unaopakana na msitu. Nguruwe pori hawaishi kushuka shambani. Anayewafukuza ni Kishindo, mbwa jike mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake.

Mwaka huu Kishindo aliota uvimbe tumboni. Ukakua hadi akawa anajikokota. Daktari Jenoveva, daktari wa mifugo kule Lushoto, alimpima akasema, "Tusipoutoa, atakufa."

Kijiji kilicheka. Mbaraka, shemeji yake Sabra, alicheka kuliko wote.

"Mbwa apasuliwe? Mtupe porini, utafute mwingine!"

"Wewe unalala, yeye analinda shamba," Sabra alijibu. "Simtupi ng'o!"

Daktari alimwagiza Sabra hivi: baada ya chakula cha jioni, mbwa asile tena. Asubuhi ya upasuaji aondolewe hata maji. Sabra alielewa, lakini hakumwambia mtu nyumbani. Hapo ndipo alipokosea.

Asubuhi alitoka kutafuta gari. Mama mkwe wake, Mariamu, akamwona Kishindo ananusa sufuria. Mama huyu hamgusi mbwa, lakini huruma anayo. Tena kwake mgonjwa haendi hospitali bila kutia kitu tumboni. Akammiminia ugali na maziwa. Kishindo akaramba bakuli lote.

Mariamu alifuatana nao. Walipofika kwa daktari, Sabra aliona maziwa kwenye ndevu za mbwa.

"Mama, umemlisha?"

"Ningemwacha na njaa? Nyamaza tu. Tukirudi naye hivi hivi, watatucheka."

"Na wacheke!" Sabra akasema. Akamgeukia daktari. "Daktari, amekula."

Jenoveva aliweka sindano chini. "Asante kwa kusema. Leo simpasui."

"Kwani ugali una sumu?" Mariamu aliuliza kwa hasira.

"Hauna, mama. Lakini akichomwa dawa ya usingizi, hawezi kumeza wala kukohoa vizuri. Akitapika, matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Atakufa mezani."

Mariamu alishika mdomo. "Kumbe ningemuua kwa huruma yangu!"

"Siku hiyo huruma ni kumnyima, mama. Mfungieni ndani asiokote mabaki. Mtoeni kidogo akajisaidie. Na kama amepewa dawa yoyote, hata ya miti shamba, niambieni. Mnyama mchanga ana masharti yake, kwa hiyo ulizeni kwanza."

Walirudi Gare na mbwa wao. Watu walicheka kweli. Sabra hakuinamisha uso.

Siku ya pili waliyopangiwa, Mariamu mwenyewe aliondoa bakuli la maji. Akakaa mlangoni na fimbo. Mbaraka akapita akitafuna hindi la kuchoma.

"Mama, na huyo naye amefunga?"

"Amefunga. Mtupie hata punje moja, tutajuana mimi na wewe!"

Mbaraka akaenda zake.

Uvimbe ulitolewa salama. Sabra alimlaza Kishindo mahali pakavu penye joto, akamzuia asilambe mshono. Kidonda kilipona. Nguruwe pori waliposhuka tena, walikutana na sauti ile ile, wakarudi msituni mbio. Karoti zilibaki ardhini hadi zikakomaa.

Siku ya gulio, mwanamke mmoja alimwuliza Mariamu mbele za watu, "Ni kweli mlimpeleka mbwa hospitali?"

Mariamu aliweka kapu la karoti chini, akajishika kiuno.

"Ni kweli. Tena tulimpeleka na njaa, kama inavyotakiwa. Na akiugua kesho, tunampeleka tena!"