Waliotaka Arudi

Kosa la kwanza alilolikuta Bi Nukta katika maoni ya wasomaji halikuwa la tahajia.

Alikuwa msahihishaji wa miswada katika nyumba ndogo ya uchapishaji, ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu sentensi isiyo na nukta ilimnyima raha siku nzima. Miaka kumi na sita alikuwa ameketi kwenye meza ileile kando ya dirisha, miwani puani, kalamu nyekundu mkononi, akichambua maneno ya watu kama mtu anayechambua mchele. Wiki ile mkuu wake, ambaye ofisi nzima ilimwita Mzee Jalada kwa kuwa hakuwahi kusoma kitabu akavuka jalada, alimletea boksi la barua pamoja na simu ya ofisi iliyojaa ujumbe.

"Nichagulie maoni arobaini yaliyo matamu," alisema. "Tutayachapa mwishoni mwa toleo la pili. Watu wamepagawa na yule binti."

Yule binti alikuwa shujaa wa riwaya yao mpya: mama mtu, baba jini. Mchana alisuka nywele za wanawake katika jiji kubwa, na akitoka kazini aliwawinda majini wanaodhuru watu. Jina lake sitaliandika hapa, limeshaandikwa mno. Katika sura ya mwisho alijitia motoni ili kuuokoa mtaa wake, na hapo ndipo wasomaji walipopandwa na mori. Kila barua ilimtaja mara tatu, mara nne, na karibu kila moja iliishia kwa neno moja: arudi. Mama mmoja alilia hadi mumewe akadhani kumeingia msiba. Kijana mmoja alisema mwandishi ana roho ya korosho. Mwalimu mstaafu alilalamika kurasa mbili nzima kwamba jini hawezi kupanda basi na kudai chenji, kisha akamalizia, "Hata hivyo, arudi."

Bi Nukta alicheka peke yake. Ndipo akafungua barua iliyofuata, mwandiko wa duara, wino wa buluu: "Nilipenda hasa pale anapokaa kitandani kwa mama yake aliyelala, akazihesabu pumzi zake zote, akabakiza moja."

Kicheko kikamkauka mdomoni. Sentensi ile haikuwamo kitabuni. Ilikuwamo kwenye muswada, na yeye mwenyewe ndiye aliyeifuta, kwa kuwa ilimtia ubaridi na hakujua kwa nini. Zaidi yake na mwandishi, hakuna aliyewahi kuiona. Kufikia saa sita mchana alikuwa amewapata watu saba walioipenda.

"Labda mwandishi kawasomea mahali," alisema Mzee Jalada bila kuinua kichwa. "Wewe nawe, Bi Nukta, hata kivuli chako utakisahihisha."

Nyumbani aliishi na mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, waliyezoea kumwita Kitinda. Mama alifariki Kitinda akiwa na miaka sita, na tangu hapo Bi Nukta ndiye aliyekuwa dada, mama na baba. Sasa Kitinda alikuwa na mimba ya miezi saba. Mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, alikuwa ameomba mkewe akae kwa dada mpaka atakapojifungua. Jioni ile Bi Nukta alimkuta sebuleni, kichwa kimesukwa upya, mistari midogo na iliyonyooka kama maandishi.

"Umependeza. Nani kakusuka?"

"Rafiki yako wa ofisini. Kaja saa saba mchana." Kitinda alijipapasa kichwa kwa furaha. "Ana mikono myepesi, dada! Sikuhisi hata kuvutwa."

"Ofisini kwetu hakuna msusi, mdogo wangu."

"Kasema anakujua sana. Kasema wewe ndiye uliyemkatiza maneno."

Bi Nukta aliinama kuitazama mistari ile. Ilinuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Alipoigusa, aliuondoa mkono haraka: nywele zilikuwa na joto, joto la kitu kilicho hai.

Alitoka kumuuliza jirani, fundi cherehani ambaye kibaraza chake kilitazamana na mlango wao.

"Mgeni?" fundi alishangaa, uzi mdomoni. "Nimemsikia mdogo wako akizungumza na kucheka tangu saa saba. Nikasema labda yuko kwenye simu. Lakini mlango haukufunguliwa, Bi Nukta. Mimi nipo hapa tangu asubuhi. Hapiti hata kuku nisimwone."

Watu husema majini hungoja giza. Huyu hakungoja. Alikuja mchana kweupe, watu wakiwa kazini, redio za majirani zikiimba.

Kesho yake Bi Nukta aliaga ofisini kuwa anaumwa, akarudi nyumbani saa saba na robo. Alivua viatu nje. Alimsikia mdogo wake akicheka kicheko cha chini, kicheko cha wanawake wanaosengenya, kisha kimya, kana kwamba ni zamu ya mwingine kusema. Akausukuma mlango. Kitinda alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, amefumba macho, kichwa kakilaza nyuma kama mtu aliyeegemea magoti ya msusi wake, na nyuma yake hapakuwa na magoti, palikuwa na kiti kitupu ambacho mto wake ulikuwa umebonyea, na juu ya kiti hicho nywele za mdogo wake zilikuwa zikiinuka zenyewe, zikigawanyika mafungu matatu matatu, zikipishana, zikikazwa, taratibu, bila haraka, kwa ustadi wa mtu aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote na asiye na mahali pengine pa kwenda. Bi Nukta akapiga hatua moja ndani. Nywele zikasimama hewani. Mto ukainuka polepole, ukajaa. Kitu chenye harufu ya kuungua kikampita ubavuni, karibu kiasi kwamba miwani yake iliingia ukungu.

"Dada, mbona umemwondosha?" Kitinda alilalamika kwa sauti ya usingizi. "Alikuwa bado hajamaliza."

Bi Nukta alikwenda moja kwa moja kwa mwandishi. Walikuwa wamekutana mara mbili tu, na mara zote mwandishi alikuwa na nywele nyingi za kupendeza. Sasa aliyemfungulia mlango alikuwa na kichwa kilichonyolewa hadi kung'aa.

"Amekuja kwako," mwandishi alisema kabla ya salamu. Haikuwa swali.

"Nani? Niambie ni nani!"

"Punguza sauti." Alimvuta ndani, akafunga mlango. "Sikumtunga mimi. Alikuwa akija kunisuka, mchana, nikiwa peke yangu. Mwaka mzima. Akisuka, ananisimulia maisha yake, na mimi naandika. Kila nikitaka aondoke ananiambia, bado hatujafika mwisho. Basi nikamwandikia mwisho. Nikamchoma moto. Siku niliyoweka nukta ya mwisho akaacha kuja, nikanyoa hizi nywele, nikasema ahsante Mungu."

"Sasa mbona yuko kwangu?"

Mwandishi alianza kulia bila sauti. "Mimi nilimfunga kwa maneno. Lakini wao wanamwita. Asubuhi hadi jioni wanamwita. Nisamehe, dada yangu. Sikujua watu wangempenda."

Bi Nukta alimtafuta mtabibu. Akaelekezwa kwa mama mmoja wa makamo, mnene, mpole, aliyekuwa mkunga kwa miaka mingi kabla hajaanza kusomea watu wenye mashetani. Alikuja saa nne asubuhi, akaomba bakuli la maji safi na kigoda. Akamkalisha Kitinda mbele yake, akaweka kiganja kimoja juu ya tumbo, akasoma dua kwa sauti ya chini. Ilipita nusu saa. Kisha Kitinda akafumbua macho, na sauti iliyotoka haikuwa nzito wala ya kutisha. Ilikuwa ya msichana mwenye adabu.

"Shikamoo, mama."

Mtabibu aliitikia. "Marahaba. Wewe ni nani?"

"Mnanijua. Mnanitaja kutwa."

"Umefuata nini kwa mtoto wa watu? Ana mimba huyu. Toka uende zako."

"Sikujileta, mama. Nimeitwa."

"Nani kakuita?"

Kitinda akafungua mdomo, na wakaanza kutoka. Ilitoka sauti ya mama aliyelia hadi mumewe akadhani ni msiba, ikatoka ya kijana, ikatoka ya mwalimu mstaafu pamoja na kikohozi chake, zikafuata za wanawake na wasichana na wazee, moja ikipanda mgongoni mwa nyingine, na Bi Nukta, aliyekuwa amejibanza ukutani na mikono mdomoni, aliwatambua wote, kwa kuwa alikuwa amezisoma barua zao na kila mmoja alimjua kwa makosa yake, huyu anayeandika "alafu", yule anayekosea "l" na "r", na makosa yote yalikuwemo, hakuna hata moja lililosahihishwa, na kila sauti ilimtaja kwa jina na kila sauti iliishia palepale, arudi, arudi, arudi, mpaka maji ya bakulini yakaanza kutetemeka, yakatoa mvuke, yakakauka.

Mtabibu alikusanya vitu vyake. Mlangoni alimshika Bi Nukta bega.

"Mwanangu, nimewatoa wengi. Anayejileta nafukuza. Lakini huyu kakaribishwa, na waliomkaribisha siwezi kuwahesabu. Kila mmoja wao akitaka apumzike, pengine ataondoka. Mimi sina la kufanya."

"Na mtoto?"

Mama yule alikuwa amezalisha watoto mamia. Alitazama chini. "Mtoto anacheza vizuri tumboni," alisema. "Sana."

Bi Nukta alirudi ofisini akamsihi Mzee Jalada asichape maoni. Alimwambia yote, hata la maji. Mzee alimsikiliza kwa huruma ya kweli, akampa likizo ya wiki mbili na kumshauri anywe maji mengi.

Basi alifanya alichokijua. Kwenye ukurasa wa wasomaji mtandaoni, kwa jina la kubuni, aliandika maoni yake mwenyewe, aliyoyasahihisha mara tano. Aliandika kwamba binti yule kapigana vya kutosha, kwamba mwisho wake ulikuwa mzuri na wa heshima, kwamba anayempenda amwache alale. Aliyaandika kwa machozi. Hakumtaja jina.

Walimrukia kama siafu. Kufikia jioni majibu yalikuwa mia nne. Kufikia kesho yake yalipita elfu mbili. Walimwita mchawi wa furaha za watu, walimuuliza amesoma kitabu gani, na kila aliyemtukana alimtaja binti yule kwa jina ili kumtetea. Watu ambao hawakuwa wamewahi kumsikia wakaanza kumtaja. Darasa moja la wanafunzi lilituma picha: wote arobaini wameandika jina lake viganjani. Bi Nukta alikaa na simu mapajani, akiwaangalia wakizidi, kila dakika, kama mtu aliyemwaga mafuta akidhani ni maji. Chumba cha pili, mlango ukiwa umefungwa, mdogo wake alikuwa akicheka.

Kitinda alijifungua hospitali, adhuhuri ya siku ya jua kali, bila taabu yoyote. Msichana. Wauguzi walimsifia kwa kuwa hakulia. Alifumbua macho tu, akatazama dari, akatazama madirisha, akamtazama kila mmoja. Toka siku ile hakuna mgeni aliyekuja tena saa saba mchana. Kitinda alimsahau msusi kabisa. Alipoulizwa alisema, "Msusi gani, dada?" na uso wake ulikuwa wa mtu asiyeficha kitu.

Shemeji alifika siku ya tatu, vumbi la safari bado mabegani. Alimbeba bintiye juu juu, akacheka hadi wagonjwa wengine wakacheka. Huyu hakuwa msomaji. Kitabu pekee alichokijua ni kile cha kumbukumbu za lori.

"Jina lake nimeshalipata, shemeji," alimwambia Bi Nukta. "Limenijia njiani tu, nikiendesha. Kama nimeambiwa."

Akalitaja.

Bi Nukta alishika ukingo wa kitanda. "Shemeji, nakuomba. Jina lolote jingine. La mama yetu, la mama yako, lolote."

"Kwani lina nini? Zuri!" Alimgeukia mkewe. "Au vipi, mama?"

"Zuri mno," alisema Kitinda, naye akalitaja.

Sasa mtoto ana miezi minane. Hajawahi kuugua. Majirani humgombania, fundi cherehani amemshonea gauni la pili bila kuombwa. Kwa wote hao hucheka na kupiga makofi. Lakini Bi Nukta akiingia, kicheko hukoma. Mtoto humtazama kimya, macho yakitembea usoni mwake kutoka kushoto kwenda kulia, yakishuka mstari, yakirudi tena kushoto, taratibu, hadi mwisho. Kisha hunyoosha mikono abebwe na mama yake mkubwa.

Bi Nukta humbeba. Ana uzito wa mtoto, ana jasho la mtoto shingoni, na ni damu ya mdogo wake. Humweka begani, akamtembeza chumbani huku na huku, akampigapiga mgongoni mpaka alale. Angefanya nini?