Rimu ya Nne

Kila asubuhi ya likizo, kabla hata chai haijapoa, Chaki alikuwa ameshashika ufagio. Mlango wa jikoni kwa shangazi yake ulifungukia moja kwa moja kwenye gereji, na chini ya mashine ya kukereza kulikuwa na vinyuzi vya alumini vilivyojisokota kama nywele za mtoto mchanga. Alivifagia, akavijaza kwenye pipa, kisha akapanga spana ukutani, kuanzia kubwa hadi ndogo. Jina lake la shuleni lilikuwa jingine, lakini nyumbani aliitwa Chaki kwa sababu hakukuwa na kipande cha sakafu ambacho hakukichorea magurudumu.

Waliokuwa wakishinda humo gereji walikuwa watatu tu: Chaki, shangazi yake, na Redio, mtoto wa shangazi, aliyepewa jina hilo kwa kuwa tangu aamke mpaka alale mdomo wake haukuzimika.

Shangazi alijulikana kwa magari ya Kijapani. Gari lilikuja kwake likikohoa, likatoka likinguruma. Alijua kuiongezea injini nguvu, kushusha springi ili gari liketi karibu na barabara, na kufunga breki kubwa zinazolisimamisha hapo hapo. Lakini kazi aliyoipenda kupita zote ilikuwa kubuni rimu, yale magurudumu yanayovalishwa tairi. Zile za kiwandani hazikumridhisha. Alinunua mabonge ya mviringo ya alumini, akayakata na kuyakereza mpaka yakawa rimu nyepesi zenye sura ambayo huwezi kuiona kwenye gari jingine.

Likizo hiyo walikuwa na kazi ya Mwalimu. Huyu alikuwa mama mmoja mcheshi aliyefundisha hesabu siku za kazi, na mwisho wa wiki akashindana kwenye mbio za magari za kupanda mlima. Gari lake lilikuwa la milango miwili, la bluu, lenye umri mkubwa kuliko Chaki. Lilikuwa limefungwa breki mpya, lakini zilikuwa nene mno. Kila rimu waliyoijaribu, spoki zake, yaani ile mikono inayounganisha kitovu cha rimu na duara lake, ziligusa breki.

"Tufanye nini sasa?" Shangazi alijiuliza kwa sauti, mikono kiunoni.

Chaki alipiga magoti akachora sakafuni. "Shangazi, kwa nini spoki zisipinde kwenda nje kidogo? Kama petali za ua linalofunguka. Breki itapata nafasi yake kwa ndani."

Shangazi aliutazama mchoro ule, akauzunguka, akautazama tena kutoka upande wa pili. "Hebu niletee rula," alisema. Chaki alijua hapo kwamba wazo lake limepita, akajizuia asiruke.

Rimu nne zilikatwa kwa mchoro huo. Zilipotoka kwenye mashine ziling'aa mpaka Redio akajitazama meno kwenye mojawapo. Lakini kabla rimu haijafungwa kwenye gari lolote, ilikuwa lazima ipimwe, na upimaji ulikuwa kazi ya Chaki. Shangazi alimfundisha mwenyewe, akamsimamia kwenye rimu nyingi, mpaka akamwamini. Unavaa glavu na barakoa, unaipaka rimu dawa nyekundu nyepesi kama maji, unasubiri inywee, kisha unaifuta yote. Halafu unapuliza dawa nyeupe juu yake na kusubiri tena. Kama kuna ufa, hata uwe mwembamba kama unywele, ile nyekundu iliyojificha ndani hujitokeza na kuchora mstari juu ya weupe. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Ugumu wake ulikuwa kusubiri.

Asubuhi Mwalimu alipokuja kuchukua gari, Chaki alikuwa amemaliza rimu tatu. Zote zilikuwa safi, nyeupe pe. Alikuwa ndio kwanza anaivuta ya nne aliposikia makelele nje.

"Chaki! Toka, watu wamejaa!" Redio aliingia mbio. "Nimewaambia majirani wewe ndiye uliyechora rimu. Wanataka kukupiga picha na Mwalimu!"

"Nimalizie hii moja kwanza."

"Utawakuta wameondoka. Njoo bwana!"

Chaki aliitazama rimu ya nne. Ilitoka kwenye alumini ile ile, mashine ile ile, mkono ule ule wa Shangazi. Tatu zimekuwa nzima, ya nne itakuwa na nini? Akaipangusa kwa kitambaa, akaiweka pamoja na zile tatu, akavua glavu na kwenda nje.

Alipigwa picha mpaka mashavu yakauma kwa kutabasamu. Aliporudi ndani, Shangazi alikuwa ameshafunga tairi kwenye rimu zote na gari liko juu ya jeki.

"Zimepimwa zote?" aliuliza, spana mkononi.

"Zote, Shangazi."

Neno lilitoka lenyewe, jepesi, kana kwamba ameulizwa kama amekula. Shangazi aliitikia kwa kichwa na kuanza kukaza nati.

Mwalimu aliketi nyuma ya usukani akiwa amechangamka. Mchana ule kulikuwa na mazoezi mlimani, na mashindano yalikuwa kesho yake. Kabla ya kuondoka alimwita Chaki dirishani.

"Mwanangu, unajua mimi ni mwoga?"

"Wewe, Mwalimu? Na mbio zote hizo?"

"Mwoga kupindukia! Njia ile upande mmoja ni ukuta wa mwamba, upande wa pili ni bonde. Rimu za zamani zilikuwa zinaninyima usingizi. Leo nimelala fofofo, maana najua hapa kwenu kitu hakitoki bila kupimwa." Alimpigia honi mara moja, akaondoka.

Chaki alibaki ameganda pale pale barabarani.

Chakula cha mchana hakikushuka. Alikizungusha kwenye sahani huku Redio akisimulia habari za picha kwa mara ya tatu. Shangazi alipotoka kwenda kunawa, Chaki alimsogelea binamu yake na kumnong'oneza, "Ile ya nne sikuipima."

Redio alisogeza sahani yake kando. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimedanganya."

"Si ni mpya? Rimu mpya itapasukaje? Nyamaza tu. Ukisema, Mama atakufukuza gereji, na jina lako ndio limeanza kusikika. Kesho Mwalimu atarudi salama, yataisha."

Maneno ya Redio yalikuwa matamu, na Chaki aliyataka yawe kweli. Lakini kila alipojaribu kuyameza, aliona bonde. Aliona gari la bluu likiingia kwenye kona, na Mwalimu amekaa humo bila wasiwasi wowote, kwa sababu ya neno moja alilolitamka yeye. Akapiga moyo konde, akainuka na kumfuata shangazi yake kwenye bomba.

"Shangazi, nina jambo." "Nilipima tatu. Ya nne niliifuta tu. Nilikuambia zote, lakini nilikudanganya."

Shangazi alifunga maji. Hakufoka. Alimtazama Chaki kwa namna ambayo Chaki alitamani afoke. Kisha akachukua simu na kumpigia Mwalimu. Ikaita, ikaita, ikakata.

"Anaendesha. Hapokei akiwa barabarani," alisema. "Chukua dawa zote mbili. Redio, funga gereji. Ingieni kwenye pikapu."

Shangazi alishika njia ya mlimani. Chaki alikumbatia makopo ya dawa kifuani, macho yakitafuta rangi ya bluu kwenye kila kona. Aliomba kimoyomoyo wamkute. Hakuomba kingine.

Walimkuta. Magari yalikuwa yamepanga foleni chini ya mlima, na la Mwalimu lilikuwa limebakiza gari moja tu mbele yake. Kofia ngumu ilikuwa kichwani, injini inanguruma. Shangazi alimkimbilia mwamuzi akampungia mkono, kisha akamgeukia Chaki.

"Nenda ukamwambie."

"Mimi?"

"Aliyeaminiwa ni wewe. Mimi niko nyuma yako."

Chaki alienda dirishani. "Mwalimu, tafadhali usipande. Rimu moja sikuipima. Nilisema nimepima, na haikuwa kweli. Naomba unisamehe."

Mwalimu alivua kofia taratibu. Alitazama njia iliyokuwa inamngoja, akamtazama Chaki, akaangalia foleni ndefu iliyokuwa nyuma yake. "Unajua nikitoka hapa zamu yangu ya mazoezi imepita? Hairudi."

"Najua, Mwalimu."

Mwalimu alipumua kwa nguvu, akaingiza gia na kulitoa gari kwenye foleni.

Walilipandisha gari kwenye jeki kando ya barabara, wakaitoa rimu ya nne, ambayo Chaki aliitambua kwa kuwa haikuwa na chembe nyeupe za dawa kwenye pembe za spoki. Chaki alivaa glavu na barakoa, akapaka dawa nyekundu. Wakasubiri. Magari mengine yalipaa mlimani moja baada ya jingine, na kila lilipopita Mwalimu aligeuza shingo kulifuata kwa macho. Chaki aliifuta rimu, akapuliza dawa nyeupe, akachuchumaa mbele yake. Wakasubiri tena. Aliikagua spoki kwa spoki, kitovu, duara lote, mbele na nyuma. Shangazi naye akaikagua.

Hakukuwa na mstari wowote. Rimu ilikuwa nzima kama yai.

"Si nilisema!" Redio aliropoka. Shangazi alimkata jicho.

Chaki hakujua acheke au alie, akaishia kulia. Ilikuwa heri kubwa kwamba rimu ni nzima. Lakini mazoezi yalikuwa yamekwisha, waamuzi wanakunja bendera, na Mwalimu alikuwa amepoteza nafasi yake kwa ajili ya ufa ambao haukuwepo. "Nimekuharibia siku, Mwalimu," alisema. "Na wala haikuwa na kitu."

Mwalimu alichuchumaa karibu naye. Uso wake ulikuwa umelainika. "Nilikasirika, sikufichi. Sasa nikuulize: saa ile unakuja dirishani, ulijua kama rimu hii ni nzima?"

"Hapana."

"Shangazi yako alijua?"

"Hapana."

"Na mimi?"

Chaki alitikisa kichwa.

"Basi. Watu watatu hatujui, na mimi ndiye niliyekuwa naenda kwenye kona za mlima ule. Kesho nitapanda nikiwa najua. Hilo umenipa wewe, na umenipa ukiwa unaogopa." Alimshika bega. "Asante, mwanangu."

Chaki alikuwa amejiandaa kwa karipio, hata kwa kibao. Kwa asante hakuwa amejiandaa kabisa. Aliinama akaanza kukusanya nati ili wasione uso wake.

Kesho yake walikuwa mlimani tangu asubuhi. Kwa kuwa hakufanya mazoezi, Mwalimu alipanda kwa tahadhari zamu ya kwanza, akawa miongoni mwa wa mwisho. Zamu ya pili aliijua njia. Kutoka pale juu walipokuwa wamesimama, waliliona gari la bluu likijibinya kwenye kona ya mwamba, spoki zikizunguka mpaka zikawa kama sahani moja ya fedha, na breki zikishika bila kugusa kitu. Hakushinda. Alimaliza katikati ya kundi. Lakini aliposhuka kwenye gari alikuwa anacheka peke yake, na madereva wawili walishachuchumaa kwenye magurudumu yake kuuliza nani kayabuni.

"Huyo hapo," Mwalimu aliwaonyesha. "Na ndiye aliyenisimamisha jana. Muulizeni habari ya rimu ya nne, atawaambia bila kuficha."

Chaki aliwaambia. Yalimtoka kwa shida mwanzoni, kisha yakamtoka tu. Dereva mmoja alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia Shangazi, "Basi wiki ijayo nakuletea langu."

Walipokuwa wanatembea kurudi kwenye pikapu, Redio alimvuta Chaki mkono. "Nilikushauri vibaya," alisema. "Ungenisikiliza mimi..." Hakumaliza. Chaki alimbana mkono ule, wakaendelea kutembea.

Shangazi aliegemea mlango wa pikapu, akawasubiri. "Hamtafukuzwa gereji, msinitazame hivyo," alisema. "Na mimi nina kosa langu. Nilimwachia mtoto kazi nzito bila kurudi kuikagua. Kuanzia sasa wewe utapima, na mimi nitatazama kabla sijagusa spana. Ila sikilizeni, nyote wawili. Mteja hana jicho la kuona ndani ya chuma. Anauliza, sisi tunamjibu, naye anapanda mlima akiwa amelikalia jibu letu. Kwa hiyo kazi ambayo haijaisha, sema haijaisha. Aibu yake ni ya muda mfupi. Na ukishakosea, rudi ukaseme mapema, kabla mwenzako hajafika kwenye kona."

"Nimekuelewa, Shangazi," alisema Chaki. Akasita, kisha akaongeza, "Asante kwa kunisindikiza mpaka pale."

"Ulikwenda mwenyewe," Shangazi alijibu, akamfungulia mlango. "Mimi niliendesha tu."