Matonge ya Babu Cornelius

Kila jioni, upepo wa Ufipa ulipoanza kuuma masikio, Lydia aliketi jikoni na babu yake, Cornelius, wakala ugali wa ulezi katika sahani moja. Ndivyo walivyokula tangu Lydia alipoachishwa ziwa, na sasa alikuwa darasa la sita. Moto ukichangamka, Babu aliimba wimbo wa kupura ulezi, na Lydia, akiwa amefumba macho nusu, aliona kama vilima vyote vya kijiji chao, Kaengesa, vinaitikia.

Mwaka huo wimbo ulikatika. Sauti ya Babu ilikauka tangu siku za kupura, mwezi wa saba. "Vumbi la ulezi hilo," watu walisema, na kweli, nani asiyekohoa wakati wa kupura? Babu naye alisema hivyohivyo, akawasha msokoto wake wa tumbaku, mambo yakaishia hapo.

Lydia alijua zaidi. Jioni moja aliona Babu akishindwa kumeza. Tangu siku hiyo mzee alimega matonge na kumsogezea yeye.

"Kula, mjukuu wangu," alinong'ona. "Bibi yako asijue, ataanza maneno."

Lydia akala. Kumtii mkubwa si ndiyo adabu? Sahani ilirudi tupu, na Bibi Bertilla akaridhika.

Lakini Bibi alikuwa na macho. "Haya maajabu," alisema asubuhi moja akihangaika na sare ya Lydia. "Mnakula sahani moja. Wewe kifungo hakifungi, mwenzako suruali inamdondoka."

Lydia alicheka, kisha akakumbuka matonge ya Babu.

Darasani hakusikia kitu. Ukungu ulikuwa umelala dirishani, naye alijiona yuko uwanja wa kupuria. Watu wameinua fimbo zao, wanamngoja Babu aanzishe wimbo, na Babu hayupo. Hofu ikamshika. Ulezi ulishaingia ghalani zamani, na mwezi wa kumi ulikuwa unaisha. Vumbi gani hilo la miezi mitatu?

Kengele ya kutoka ilipolia, alikwenda moja kwa moja zahanati kwa muuguzi Sophia.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Siyo mimi. Babu yangu sauti imemkauka, na hawezi kumeza ugali. Mimi ndiye ninayekula matonge yake." Machozi yakamtoka.

Nesi Sophia aliuliza taratibu: sauti imekauka tangu lini, na je, anavuta tumbaku? Kisha akachukua kalamu.

"Sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, au kidonda cha mdomoni kikikataa kupona, hatusingizii vumbi, tunapima. Hapa naweza kuangalia kinywa tu. Alhamisi daktari wa masikio, pua na koo atakuwa hospitali mjini Sumbawanga. Nitawaandikia barua. Lakini nyumbani utasema wewe."

Jioni ile tonge la kwanza lilisogezwa kama kawaida. Lydia alikunja mikono, akamwita Bibi.

"Bibi, hili si langu. Nakula chakula cha Babu tangu mwezi wa nane. Hamezi."

Babu aliutazama moto. "Umenichongea," alisema kwa sauti iliyokwaruza.

"Nataka uimbe mwakani, Babu."

Bibi hakuanza maneno. Aliketi karibu na mumewe, akapokea barua ya nesi kutoka kwa Lydia, akaisoma mara mbili. "Alhamisi tunakwenda," alisema.

Daktari alipitisha mpira mwembamba wenye taa puani mwa Babu, akalitazama koo, akakata kinyama kidogo cha kupima. Baada ya wiki mbili jibu lilitoka: saratani ya koo, lakini bado changa. Babu alipelekwa Mbeya kutibiwa, akarudi mvua zikikatika. Alikuwa amekonda, na tumbaku ameiacha hukohuko.

Jioni ya kwanza nyumbani, alimega tonge dogo. Lydia kwa mazoea akanyoosha mkono. Babu akaupiga kidogo, akalitia tonge kinywani mwake, akatafuna polepole, akameza. Kisha akajaribu wimbo. Sauti ilikuwa ndogo, imekwaruza, lakini Bibi aliitikia huku akifuta macho.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Bibi alisema wimbo ulipokwisha. "Lydia, watii wakubwa, ndiyo. Lakini siri inayomla mtu usiitunze. Tungeendelea kulaumu vumbi, leo tungekuwa tunaimba nyimbo za msiba."

"Amesema kweli," Babu alisema, akiivuta sahani upande wake. "Na kuanzia leo, mjukuu wangu, utakula matonge yako tu."