Nyoka Ndani ya Tenga la Kuku

Jua lilikuwa limeshaaga. Ilibaki ile nuru nyekundu ya mwisho inayofanya kila kitu kifanane na kivuli chake. Hiyo ndiyo saa ambayo Msomi hutoka kwenda bandani kuchukua tenga.

Msomi halikuwa jina lake. Shangazi ndiye aliyembandika, siku aliporudi nyumbani na sanduku lake la shule, kidato cha pili, akiambiwa apumzike kidogo mambo yakae sawa. Mambo hayakukaa sawa. Alikabidhiwa kuku arobaini, na jina likamganda kama kupe.

Tenga lilikuwa la kuku mmoja mwekundu aliyeatamia mayai kumi na moja. Nje kulikuwa na nguchiro, na nguchiro hana huruma, kwa hiyo kila jioni tenga huingizwa ndani na kuwekwa kwenye kona ya chumba cha dada, na asubuhi hurudishwa bandani. Kuku wa kawaida huangua siku ya ishirini na moja. Huyu alikuwa na siku ya thelathini. Msomi alishasema mara tatu kwamba mayai yale ni viza, yatupwe. Lakini maneno ya Msomi nyumbani yalikuwa kama maji kwenye jani la gimbi. Hayakushika.

Jioni ile alisukuma mlango wa banda, simu ya nyumba mkononi ikimmulikia.

Kimya.

Kuku arobaini, na hakuna hata mmoja aliyelia. Wote walikuwa wamepanda juu, wamebanana kwenye boriti moja, na yule mwekundu alikuwa katikati yao. Alikuwa ameyaacha mayai yake.

Harufu ikamfikia. Si ya kinyesi cha kuku, hiyo alishaizoea. Hii ilikuwa ya kitu kilichofungiwa muda mrefu, kama sanduku la nguo za mtu ambaye hayupo tena.

Akamulika tenga.

Alikuwamo. Amejiviringa juu ya mayai, mnene kama mkono wa mtu mzima, rangi ya njano, madoa meusi yamepangwa mgongoni kana kwamba yamechapwa kiwandani. Kichwa hakikuonekana. Alikuwa amekificha chini, upande wa mayai.

Msomi hakupiga kelele. Kwenye mlango wa zahanati kulikuwa na karatasi aliyoisoma mpaka akaikariri, pamoja na namba ya afisa wa wanyamapori: *Ukiona nyoka, usimuue. Piga picha. Tuma.* Akapiga picha tatu. Ndipo akarudi kinyumenyume, akafunga mlango, akakimbia.

"Shangazi! Nyoka bandani!"

Shangazi alitoka jikoni na mwiko. Bibi akatoka na mkongojo. Wakainamia kioo cha simu.

"Kifutu," akasema Shangazi.

"Kifutu wapi?" Bibi akabisha. "Kifutu ni mfupi, ana kiburi, hajikunji hivyo. Huyu ni mla mayai tu. Hana hata sumu."

"Mama, macho yako yanaona ukungu tangu mwaka juzi!"

"Yanaona ukungu, lakini hayamwiti mla mayai kifutu."

"Mla mayai hawi mnene hivyo, Bibi," Msomi akajaribu. "Na kifutu hana njano hii. Tumtumie afisa kwanza. Kama ni wa sumu, dada na mtoto wasilale kile chumba mpaka apatikane."

"Haya, msomi kasoma," akasema Shangazi. "Mimi nafuata jembe."

Lakini Shangazi alipoingia bandani na jembe, tenga lilikuwa na mayai tu. Alipekua kila kona, akagonga kila ubao. Nyoka hakuwepo.

Msomi hakungoja kuona zaidi. Mtandao nyumbani kwao ulishika mahali pamoja tu, juu ya rundo la matofali ya choo ambacho baba mdogo alianza kukijenga akaishia njiani. Akapanda. Akatuma picha zote tatu. Akapiga.

"Afisa, shikamoo. Nimekutumia picha za nyoka. Naomba uniambie ni wa aina gani."

"Marahaba. Subiri, zinafunguka."

Akasubiri. Matofali yalikuwa bado na joto la mchana.

"Binti... nyoka yuko wapi?"

"Kwenye tenga. Juu ya mayai."

"Mimi naona mama. Mama kainama kwenye banda, kakupa mgongo."

"Mama gani? Nilikuwa peke yangu."

"Picha zote tatu. Binti, nina kazi mimi. Watu wanaumwa na nyoka kweli huko."

Akakata.

Msomi akaitazama simu kama mtu aliyetemewa mate. Akafungua picha. Nyoka yule pale, njano, madoa, kila kitu. Akapiga tena. Haikupokelewa. Akapiga tena. Machozi ya hasira yalikuwa yameshamjaa, yale yanayokuja mtu anaposema kweli na kila anayemsikia anacheka.

Mara ya nne Afisa akapokea.

"Afisa, naapa sikuchezei. Dada yangu ana mtoto wa miezi sita. Nyoka amepotea bandani. Nitajie jina lake tu nijue la kufanya!"

Kisha ile sauti ikashuka.

"Hebu niambie... hapo kwenu nani ana gauni la njano lenye madoa meusi?"

Msomi akaishusha simu sikioni, akaitazama tena ile picha: njano, madoa meusi.

"Binti? Liko wapi hilo tenga sasa hivi?"

"Bandani."

"Una uhakika?"

Aliruka kutoka juu ya matofali, akakwaruza goti, hakulisikia. Mlango wa banda ulikuwa wazi. Kuku bado walikuwa juu ya boriti. Tenga halikuwepo.

"Shangazi! Tenga liko wapi?"

Shangazi alikuwa jikoni, anakoroga sufuria kana kwamba dunia ni ileile.

"Nimeliingiza. Mayai yalikuwa yanapoa."

"Mayai ni viza, Shangazi! Nyoka alikuwa humo!"

"Mimi nimeangalia, hayumo. Nimeishi na kuku kabla hujazaliwa. Yai likipoa, basi tena. Unataka nitupe siku thelathini za kuku wa watu?"

Dada alikuwa hapohapo, anapepeta mchele chini ya taa. Mapajani hakuwa na mtoto wake, Bonge.

"Bonge yuko wapi?" Msomi akauliza.

"Chumbani. Kalala."

Bonge hakuwa amelala. Msomi alimsikia kabla hajafika mlangoni. Anacheka. Kile kicheko cha mtoto anayechezewa, kinachokatika na kuanza upya, kinachokatika na kuanza upya.

Akasukuma mlango.

Tenga lilikuwa kwenye kona. Mayai kumi na moja. Bonge alikuwa juu ya kitanda peke yake, chali, anatazama hewani, miguu inapiga. Na ile harufu ya sanduku ilikuwa imejaa chumba kizima.

Mkono ulipiga picha wenyewe. Mwanga ukamulika. Kisha akamnyakua mtoto akatoka naye mbio, akamtupia dada mapajani juu ya ungo, mchele ukamwagika, dada akaanza kufoka, Shangazi akafoka zaidi. Msomi hakusimama kuwasikiliza. Akarudi juu ya matofali, akatuma.

Safari hii Afisa ndiye aliyepiga.

"Mtoe mtoto humo ndani."

"Nimeshamtoa. Umeona nini?"

"Nasema mtoeni. Na nyinyi wote tokeni."

"Afisa, umeona nini? Kila mtu ananificha, na wewe pia?"

"Yule mama amekaa kitandani. Kampakata."

Msomi aliifungua picha kwenye simu yake. Hakuna mama. Kitanda, shuka, ukuta, Bonge anacheka. Akaikuza kwa vidole. Akaikuza tena.

Mgongo wa Bonge haukugusa shuka.

Kichwa chake hakikugusa mto. Chini yake palikuwa na nafasi ya upana wa kiganja, na kivuli chake kilikuwa peke yake pale chini, mbali naye.

Usiku ule walilala kwa jirani, seremala, sakafuni, katikati ya mbao na vumbi la randa. Shangazi aliposikia habari za gauni la njano hakubisha tena. Alikwenda mwenyewe akalitoa tenga kwa ncha ya jembe, akalichoma nyuma ya choo. Mayai yalipasuka motoni moja baada ya jingine. Hayakuwa viza. Hayakuwa na kitu ndani. Yalikuwa matupu, makavu, safi kama yameoshwa.

"Bibi," Msomi akanong'ona gizani. "Mnamjua."

"Lala, mjukuu wangu."

"Sitalala. Siku zote naambiwa lala, nyamaza, wewe hujui. Nitajuaje msiponiambia?"

Bibi akageuka kumwelekea.

"Tulipolichukua shamba hili lilikuwa na mwenyewe. Mwanamke. Hakutaka kuondoka. Tukaambiwa ameondoka."

"Aliondoka?"

"Tuliambiwa."

"Alikuwa na watoto?"

"Hakujaliwa. Alikuwa anaazima wa wenzake. Akishazoeana na mtoto..." Bibi akavuta shuka. "Haya mambo hayasemwi kukiwa na giza."

"Akishazoeana na mtoto inakuwaje, Bibi?"

Bibi aligeukia ukutani. Msomi aliuliza mara mbili zaidi. Alijibiwa na randa la seremala tu, lililodondoka kutoka mezani.

Asubuhi Afisa alikuja kwa pikipiki, buti mpaka magotini, fimbo yenye ndoano na gunia. Alipekua banda, chumba, dari, kila tundu la ukuta. Jua lilipanda, shati likamgandia mgongoni. Hakupata hata gamba. Mwishowe alikaa kwenye kigoda uani, akatoa fomu yake. Msomi alisoma juu ya bega lake. Kwenye mstari wa *Aina ya nyoka* aliandika: *Haijatambuliwa.*

"Hicho ndicho ulichokuja kuandika?"

"Binti, mimi natambua nyoka. Nyoka sijamwona."

"Huyu hapa!" Msomi akaweka simu mbele yake. "Njano. Madoa. Mkia huu. Haya, huoni?"

Afisa akatazama, akatoa simu yake mwenyewe, akaiweka kando ya ile. Picha ileile. "Bega hili," akasema kwa uchovu, kidole kwenye kioo. "Shingo. Mkono anauingiza kwenye mayai. Wewe ndiye huoni."

"Hilo bega ni nyoka!"

"Na hizi nywele?"

Walivutana hivyo, kila mmoja akimwonyesha mwenzake kitu kilichokuwa wazi kama mchana, mpaka sauti ya Msomi ikapasuka. Alitaka kuitupa simu ile kisimani. Jina moja tu ndilo alilotaka. Jina la kitu kilicholala siku thelathini hatua mbili kutoka kitandani kwa mtoto wao.

Dada akapita nyuma yao na ndoo, Bonge kiunoni. Akasimama achungulie naye.

"Mimi naona nyoka," dada akasema.

Bonge pia alikitazama kioo. Uso wake ukafunguka. Akacheka kile kicheko cha chumbani, akajirusha kutoka kiunoni kwa mama yake, akainyooshea picha mikono yote miwili, kama anavyomnyooshea mtu anayembeba kila jioni.