Uso wa Kidoti Ukutani

Kila asubuhi msusi humsuka bintiye kwanza, ndipo ageukie vichwa vya wateja. Asubuhi hiyo mtoto, ambaye mtaa mzima humwita Kidoti kwa alama ya shavuni, alikaa kitako akasema haendi shule tena. Wenzake wanamwita Minyoo.

Sababu ya jina hilo mama aliikuta ukutani mwa duka la dawa. Tangazo lilikuwa kubwa kama mlango. Juu, uso wa Kidoti na misuko ya mama yake. Chini, maneno: "Mwanao ana minyoo? Dawa ni hii." Damu ilimchemka msusi. Picha ile waliipiga studio kwa ajili ya kitambulisho cha shule!

Alimfuata mpiga picha studio. Yule bwana hakushtuka hata kidogo, aliendelea kufuta kamera yake.

"Dada, si wewe uliyesema niiweke dirishani?"

Kweli alisema. Alitaka wapita njia waone misuko yake, wamletee vichwa. Alirudi nyumbani amenywea, akijiona amejipalia makaa mwenyewe.

Mchana alikuja kusukwa jirani yake, mama mmoja anayesaidia watu katika mambo ya sheria. Aliposikia kisa, alikasirika kuliko mwenye mtoto.

"Dirishani ni dirishani," alisema. "Ulimruhusu aonyeshe, hukumruhusu auze. Sura ya mtoto ni taarifa yake binafsi, kama jina lake na mahali anapoishi. Anayetaka kuitumia kwa jambo jingine arudi akuombe upya."

"Hata kama nilikubali mwanzo?"

"Hata kama. Na ruhusa uliyotoa, unaweza kuiondoa."

Msusi alitaka akalichane tangazo saa ile ile. Jirani akamzuia. Kwanza walipige picha kwa simu, liwe ushahidi. Kisha waandike malalamiko kwa mpiga picha na mwenye duka. Wakikaidi, yapelekwe kwenye ofisi inayolinda taarifa za watu.

Mwenye duka alisema aliuziwa picha akaambiwa mzazi amekubali. Alilibandua tangazo mbele yao. Mpiga picha, ambaye mwanzo hakushtuka, aliposikia habari za ofisi akawa mpole kama maji ya mtungini. Alizifuta picha zote, akamwomba mtoto radhi. Radhi ni njema, lakini mtoto alikuwa ameshadhihakiwa vya kutosha. Sura ya mwana wa mwenzio si mali ya kuokota!

Kidoti alirudi darasani, na jina la Minyoo likafa polepole.

Mwaka uliofuata shule ilitaka picha mpya. Walikwenda studio nyingine. Kamera ilipoinuliwa, Kidoti akaziba uso kwa viganja.

"Mjomba, hii ni ya kazi gani, na itakwenda wapi?"

Mpiga picha akamtazama mama, akidhani atamkemea mwanawe. Msusi alikunja mikono kifuani, naye akasubiri jibu.