Pikipiki ya Sènan Haivuti

Rafiki yangu Sènan, anayebeba abiria kwa pikipiki hapa Cotonou, si mtu wa kuapa ovyo, lakini hili aliniapia.

Jioni moja, umeme umekatika mtaa mzima, aliikokota pikipiki yake hadi gereji ya Tognon. Ilikuwa inakohoa, haivuti, na taa ya injini haizimiki.

"Wewe ndiye uliyeiharibu juzi!" Sènan alimfokea fundi huyo.

"Umeiharibu mwenyewe, bwege wewe, kwa petroli yako ya chupa za barabarani!"

Tognon alimwaga petroli yote, akatia safi, akasafisha nozeli, akabadilisha plagi. Akawasha swichi, wakaisikiliza pampu ya petroli ikivuma gizani. Nzima. Pikipiki ikiwa juu ya stendi, injini ilinguruma vizuri kabisa.

Fundi akayakunja makanyagio ya abiria, akatoka nayo kuijaribu. Sènan aliisikia ikikohoa mpaka mwisho wa mtaa, ikarudi ikikohoa vilevile. Tognon akaizima, akaiegesha, akamtupia ufunguo kifuani.

"Mashine yako haina ubovu. Imelemewa. Ondoka nayo, na usinirudie hapa!"

"Imelemewa na nini? Si ulikuwa peke yako?"

Tognon alikuwa anajifuta kisogo, anajifuta tena, kama aliyepumuliwa hapo.

Ndipo wakasikia chuma kikigonga. Kanyagio la abiria la kushoto lilikuwa limekunjuka. Kisha la kulia. Springi za nyuma zikalia, na kiti kikabonyea taratibu.